30,240: Namba ya Mtihani katika Elimu ya Mirathi, na Nyumba za Kariakoo

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Wanazuoni wa faraidhi wameyapa majina baadhi ya masuala ya mirathi ili yasisahaulike. Lipo la al-Minbariyya, ambalo Sayyidna Ali (r.a.) alilijibu akiwa juu ya mimbari. Lipo la ad-Dinariyya, la dada aliyelalamika kuwa ndugu yake ameacha dinari 600 naye akapewa moja tu, kisha hesabu ikaonyesha kwamba hiyo moja ndiyo haki yake kamili. Na lipo la al-Imtihan, maana yake mtihani. Hili la tatu lina namba moja kubwa, 30,240, na wanafunzi wengi hulipita haraka wakidhani ni mchezo wa hesabu tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha namba hiyo imetokana na nini, ina sifa gani, na kwa nini anayesimamia mirathi ya nyumba moja ya Kariakoo leo hawezi kuikwepa elimu iliyoizaa.

Masuala yenyewe

Mwalimu humuuliza mwanafunzi hivi: mtu amefariki akaacha makundi manne ya warithi, na hakuna kundi lililofika watu kumi. Ni vipi mirathi yake isigawanyike sawasawa ila kwa hisa zaidi ya elfu thelathini? Mwanafunzi asiyejua husema haiwezekani. Jawabu ni kwamba marehemu ameacha wake wanne, mabibi watano, mabinti saba na ndugu wa kiume tisa wa baba mmoja.

Wake wana thumuni, mabibi wana sudusi, mabinti wana thuluthi mbili, na ndugu ni asaba, huchukua kinachobaki. Asili ya masuala ni 24. Wake wanapata 3, mabibi 4, mabinti 16, na ndugu 1. Jumla ni 24, hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

Hapa ndipo tatizo linapoanza. Hisa 3 hazigawanyiki kwa wake 4 bila kuvunjika. Hisa 4 hazigawanyiki kwa mabibi 5, wala 16 kwa mabinti 7, wala 1 kwa ndugu 9. Hali hii wanazuoni wanaiita inkisari, yaani kuvunjika kwa hisa juu ya vichwa vya wenye hisa. Makundi yote manne yamevunjika, na tiba yake ni kuzidisha: 4 kwa 5 ni 20, 20 kwa 7 ni 140, na 140 kwa 9 ni 1,260. Kisha 24 kwa 1,260 ni 30,240.

Sasa kila mtu ana hisa nzima. Kila mke anapata 945, kila bibi 1,008, kila binti 2,880, na kila ndugu 140. Jumlisha yote na utarudi kwenye 30,240 bila kukosa hata moja.

Mtu anaweza kusema kwamba hapana haja ya kurithi mabibi watano. Ni kweli kwamba Imamu Malik hawarithishi zaidi ya wawili, na Imamu Ahmad zaidi ya watatu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa mwambao wetu, hakuna kikomo hicho wakiwa wa daraja moja na hakuna wa kuwazuia. Hata hivyo lengo la masuala haya si kungojea yatokee. Lengo ni kumjaribu mwanafunzi kama ameshika kanuni au amekariri majibu.

Mizani nne baina ya namba mbili

Kanuni yenyewe ni ya kupima namba mbili. Imamu an-Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277 M) ameieleza kwa maneno machache katika kitabu cha faraidhi ndani ya Minhaj. Namba mbili haziachi kuwa katika moja ya hali nne.

Ya kwanza ni tamaathul, kufanana, kama 5 na 5. Ya pili ni tadaakhul, kuingiana, kama 3 na 6, ambapo ndogo inaimaliza kubwa bila kubakisha kitu. Ya tatu ni tawaafuq, kuafikiana, kama 6 na 8, ambazo hazimalizani zenyewe lakini zote mbili zinamalizwa na namba ya tatu, nayo ni 2. Ya nne ni tabaayun, kutengana, kama 7 na 9, ambazo hakuna kinachozimaliza zote mbili ila moja.

Namba zikifanana, mwenye kuhesabu hutosheka na moja wapo. Zikiingiana hutosheka na kubwa. Zikiafikiana huzidisha wafki, yaani ile sehemu ya namba moja inayobaki baada ya kuigawa kwa kinachozishirikisha, kwa namba nyingine yote. Zikitengana huzidisha zote kwa ukamilifu. Na kama hazionekani kwa macho ziko katika hali gani, huondoa ndogo kutoka kubwa mara kwa mara mpaka kujulikane kinachozimaliza zote mbili.

Watoto wetu wa shule ya msingi wanasoma mambo haya haya kwa majina ya Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika. Wengi wanaichukia hesabu hiyo kwa sababu hawajaambiwa inafanya kazi gani. Laiti mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule wangekaa pamoja, mtoto angejua kwamba somo la asubuhi na somo la jioni ni moja.

Sasa rejea kwenye mtihani. Namba 4, 5, 7 na 9 ukizishika mbili mbili zote zimetengana. Hakuna wafki wa kupunguza, na ndiyo maana namba imepanda mpaka 30,240. Wangekuwa mabinti wanane badala ya saba, hisa zao 16 zingegawanyika juu yao mbili mbili bila kuvunjika, na hesabu nzima ingekamilika kwa hisa 4,320 tu. Binti mmoja akiongezeka, namba inashuka mara saba! Kwa hiyo ukubwa wa namba hautokani na wingi wa watu wala wingi wa mali. Unatokana na uhusiano uliopo baina ya namba zenyewe.

Ilikotoka elimu hii

Mafungu yenyewe yameteremshwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Katika Maswahaba aliyesifika zaidi kwa elimu hii ni Zayd bin Thabit (r.a.), na Imamu Shafii ameifuata njia yake. Shairi la ar-Rahbiyya, ambalo vizazi vya wanafunzi wameliweka moyoni, limetungwa na Muhammad bin Ali ar-Rahbi (aliyefariki 577 H / 1182 M) juu ya njia hiyo ya Zayd.

Haja ya kugawa mirathi iliwafanya Waislamu waikumbatie hesabu mapema. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-Jabr wal-Muqabala katika zama za Khalifa al-Ma'mun (198–218 H / 813–833 M), na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Wanaosifu aljebra leo mara nyingi wanasahau kwamba kitabu kilichoipa jina kimejaa habari za wajane, mayatima na wenye kuusiwa.

Katika zama hizo hizo kitabu cha Euclid, ambacho ndani yake imo ile njia ya kuondoa ndogo kutoka kubwa, kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar. Huyu si yule al-Hajjaj gavana wa Iraq wa zama za Banu Umayya. Baadaye Thabit bin Qurra (aliyefariki 288 H / 901 M), ambaye hakuwa Mwislamu bali Msabii wa Harran aliyefanya kazi Baghdad, aliandika juu ya namba zinazopendana, kama 220 na 284, ambazo vigawo vya kila moja vikijumlishwa vinatoa nyenzake. Karne nne zilipopita, Kamaluddin al-Farisi aliirudia kazi ya Thabit kwa njia mpya, ya kuichambua kila namba mpaka kwenye namba tasa zinazoiunda, na akaonyesha jozi nyingine, 17,296 na 18,416. Hivyo elimu ya namba na elimu ya faraidhi zimekua kama majirani wenye ua mmoja.

Sifa za 30,240

Tukiichambua namba yetu kwa njia ya al-Farisi tunaona kwamba imeundwa na 2 mara tano, 3 mara tatu, 5 mara moja na 7 mara moja. Kwa hiyo ina vigawo 96. Inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10. Haigawanyiki kwa 11, lakini inagawanyika kwa 12.

Watu wa hesabu wa zamani waliziweka namba katika mafungu matatu: kamili, pungufu na zaidi. Namba kamili ni ile ambayo vigawo vyake, mbali na yenyewe, vikijumlishwa vinarudi kuwa yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Ukijumlisha vigawo vyote 96 vya 30,240, pamoja na yenyewe, unapata 120,960, na hiyo ni mara nne ya 30,240 barabara, bila kuzidi wala kupungua. Namba za sifa hii ni adimu sana, na hakuna iliyo ndogo kuliko hii. Huko Ulaya aliyeitaja ni mwanafalsafa wa Ufaransa René Descartes, mwaka 1638. Yeye aliifikia kwa kutafuta namba za ajabu. Wanafaraidhi waliifikia kwa kuwatafutia haki wake, mabibi, mabinti na ndugu wa maiti.

Je, kukutana huku ni muujiza? Hapana, na hapa ndugu zangu tuwe waangalifu. Namba yenye vigawo vingi ndiyo inayogawanyika kwa watu wengi, na namba yenye vigawo vingi ndiyo ambayo jumla ya vigawo vyake huwa kubwa. Kwamba jumla hiyo imeangukia mara nne kamili ni jambo la kupendeza, lakini halina hukumu ya kisheria ndani yake. Namba 30,240 si ya kuandikwa kwenye kombe, wala kufungwa mkononi, wala kupigiwa ramli. Wapo miongoni mwetu wanaouza namba katika vikaratasi kwa watu wenye shida, na elimu ya faraidhi haina uhusiano nao.

Tunakumbuka pia fitina ya Rashad Khalifa, Mmisri aliyeishi Marekani hadi alipouawa mwaka 1990. Alidai kwamba Qur'an nzima imepangwa juu ya namba 19. Hesabu yake ilipogoma, alizikanusha aya mbili za mwisho za Suratut-Tawba ili namba itimie. Tazama tofauti. Yeye alipunguza Wahyi ili aiokoe namba. Mwanafaraidhi hufanya kinyume chake: fungu la Mwenyezi Mungu haliguswi, mrithi hapunguzwi, na namba ndiyo inayopandishwa mpaka iwatoshe wote, hata ikifika elfu thelathini.

Nyumba ya Kariakoo

Sasa tuje nyumbani. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita ikajengeka mitaa ya nyumba za Kiswahili: vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma. Wazee wetu walizijenga kwa jasho, wakapangisha vyumba, wakasomesha watoto. Nyingi kati ya nyumba hizo hazikugawiwa mwenyewe alipofariki. Watoto walikaa humo pamoja na mama yao, wengine wakafa, wajukuu wakazaliwa. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, kiwanja kimekuwa na thamani kuliko nyumba, na anapokuja tajiri wa kujenga ghorofa ndipo familia inapokumbuka mirathi ya miaka thelathini iliyopita.

Hali hii kwa lugha ya faraidhi inaitwa munaasakhat: mrithi kufa kabla hajapokea fungu lake. Tuchukue mfano, nao ni wa kutunga, lakini kila imamu wa mitaa hii ataona kwamba ameshawahi kuletewa unaofanana nao.

Mzee amefariki akaacha mke, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Asili ni 8. Mke ana 1, zimebaki 7 kwa vichwa 8, kwa kuwa kila wa kiume huhesabiwa vichwa viwili. Saba na nane zimetengana, kwa hiyo 8 kwa 8 ni 64. Mke ana 8, kila wa kiume 14, kila wa kike 7.

Kabla ya kugawa, mmoja wa watoto wa kiume akafariki. Ameacha mama yake, ambaye ndiye mke wa mzee, pamoja na mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Masuala yake yanasihi kwa 120: mama 20, mjane 15, kila wa kiume 34, wa kike 17. Hisa zake mkononi ni 14. Ondoa 14 katika 120 mpaka zibaki 8. Ondoa 8 katika 14, zinabaki 6. Ondoa 6 katika 8, zinabaki 2, nazo 2 zinaimaliza 6. Basi 14 na 120 zinaafikiana kwa nusu, na wafki ni 7 na 60. Zidisha 64 kwa 60, unapata 3,840. Hapo mama ana 620, kila mtoto wa kiume aliye hai 840, kila wa kike 420, mjane 105, kila mjukuu wa kiume 238, na wa kike 119.

Kisha mama naye akafariki, akaacha watoto wake wawili wa kiume na wawili wa kike. Vichwa ni 6. Hisa zake 620 zinaafikiana na 6 kwa nusu, kwa hiyo 3,840 huzidishwa kwa 3, na nyumba yote inakuwa hisa 11,520. Kila mtoto wa kiume ana 3,140. Kila wa kike ana 1,570. Mjane ana 315, kila mjukuu wa kiume 714, na wa kike 357.

Sasa msikilize msemaji wa familia barazani: "Sheikh, sisi tuko wanne, wawili wanaume na wawili wanawake. Ndugu yetu alishatangulia, na wajukuu hawarithi mbele ya watoto." Maneno yake ya mwisho yana ukweli nusu. Wajukuu hawa hawamrithi bibi yao, kwa kuwa wamezuiliwa na ami zao. Lakini baba yao alifariki baada ya babu yao. Siku ile babu alipokata roho, fungu la baba yao lilishakuwa milki yake, ijapokuwa hakuna aliyelipima kwa kamba wala kuliandika. Alipokufa, milki hiyo ikawa ya warithi wake. Hapa hakuna suala la mjukuu na babu, kuna mtoto anayemrithi baba yake.

Tuseme kiwanja kimeuzwa shilingi 1,152,000,000, ili kila hisa iwe shilingi 100,000. Mjane ana haki ya shilingi 31,500,000. Kila mjukuu wa kiume ana 71,400,000, na wa kike ana 35,700,000. Jumla yao ni shilingi 210,000,000. Familia ikigawana kwa wale wanne tu, kila ami atakuwa amechukua 70,000,000 zisizo zake, na kila shangazi 35,000,000. Aya ya 10 ya sura ile ile ya mirathi imekwisha kuwaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, na imekuja kabla ya aya za mafungu, si baada yake.

Mjane huyo kwa kawaida hasemi kitu. Ameolewa na kuhamia kwingine, au anaona aibu kudai kwa wakwe. Mtu pekee anayesema kwa niaba yake ni ile namba 11,520. Ifupishe iwe sita, sauti yake imekatika.

Neno kwa maimamu na wasimamizi

Tanzania Bara mirathi ya Mwislamu hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, nayo humteua msimamizi, ambaye hupaswa kuleta orodha ya mali na hesabu ya mgawo. Mara nyingi hesabu hiyo hutegemea karatasi iliyoandikwa na sheikh au imamu wa mtaa. Karatasi hiyo ni ushahidi mbele ya hakimu leo, na mbele ya Allah kesho. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kuuliza nani yuko hai, uliza nani walikufa na kwa mpangilio gani. Andika tarehe ya kila kifo. Vifo viwili vikibadilishana nafasi, hesabu yote hubadilika.

Pili, usianze na asilimia. Fungu la binti katika masuala ya al-Imtihan ni sehemu 2 kati ya 21, na kwa asilimia halina mwisho: 9.5238 na kuendelea. Anayekata mkia wa namba hiyo anakata katika haki ya mtu. Panga hisa nzima kwanza, kisha ndiyo uzibadilishe kuwa shilingi.

Tatu, hakiki kwa kujumlisha. Hisa za watu wote zisiporudi kwenye namba uliyoanza nayo, kuna mtu umemsahau au umemzidishia.

Waliotuachia namba 30,240 hawakuwa na mashine ya hesabu. Walikuwa na ubao, wino na hofu ya Mwenyezi Mungu. Ichambue namba yao na utawaona watu ndani yake: ile 4 ni wajane, 5 ni mabibi, 7 ni mabinti, 9 ni ndugu. Ukiondoa kigawo kimoja ili hesabu iwe nyepesi, umemtoa mtu nje ya nyumba yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaofikisha haki kwa wenyewe, na atukinge na kula mali za mayatima kwa kujua au kwa uvivu wa kuhesabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.